Marando Nyuma ya Pazia

Hadi leo nikinusa maji yaliyolala, naziba pua na kuondoka. Sisemi maji ya choo wala ya samaki, hayo nimeyazoea. Nasema maji yaliyokaa ndani ya chupa pamoja na tawi, yakabadilika rangi, yakaanza kuvutika kidoleni kama mate. Wajukuu wangu siku hizi wanaweka vijiti vya maua kwenye glasi dirishani ili vitoe mizizi, na wanaona ni jambo zuri sana. Wakiniita nikatazame, nawaambia macho yangu hayaoni vizuri. Macho yangu ni mazima. Sitaki tu.

Miaka ya hamsini, wakati haya yalipotokea, nilikuwa nimeolewa na mwaka haujaisha. Mume wangu alikuwa stoka wa garimoshi, kazi yake kuangalia moto na maji ya injini, na sisi tulikaa Nakuru kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojengwa kwa mstari mrefu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Kila familia ilikuwa na chumba kimoja. Mlango ulikuwa mbele, pakiwa na kibaraza cha kupikia, na dirisha dogo nyuma. Tulitundika pazia katikati: mbele ya pazia ni meza na viti viwili, nyuma ya pazia ni kitanda na dirisha. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya.

Sikuipenda landhi, na sitajifanya niliipenda kwa kuwa ni zamani. Bomba la maji lilikuwa moja kwa mstari mzima. Vyoo vilikuwa vya ndoo, na jamaa wa kuzimwaga akichelewa, unajua kabla hujaamka. Kiangazi hicho ziwa lilikuwa limerudi nyuma na kuacha magadi meupe, basi kila adhuhuri upepo uliyaokota na kutuletea mjini. Unga huo uliingia kwenye ugali, kwenye shuka, kwenye masikio. Hata maji ya bomba yalikuwa na neno lake: watoto waliozaliwa pale walikuwa na meno ya rangi ya chai, na mimi nilikuwa nikiyatazama na kufikiria wangu watakaokuja.

Maana nilikuwa na mimba. Ilikuwa changa, hata mwezi wa pili haujatimia, na sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mume wangu. Kwetu hukutangaza mimba. Uliiacha ijionyeshe yenyewe. Na mimba hiyo ilinipa pua ya mbwa. Nilisikia harufu ya sabuni ya nyumba ya tano. Nilisikia mafuta ya taa yakiwa bado ndani ya chupa. Kila asubuhi nilitapika nyuma ya nyumba nikijifanya nakohoa.

Hapo ndipo mama mkwe alipowasili.

Alitoka kwao upande wa magharibi, safari ndefu ya daraja la tatu, na gunia lililolowa mapajani. Nilimpokea kwa heshima zote, nikapiga goti, nikasema, "Karibu Mama, umefikaje?" Yeye akasema, "Bomba liko wapi?"

Ndani ya gunia mlikuwa na marando, yale mashina ya viazi vitamu ambayo ukiyakata na kuyachomeka ardhini ndiyo hutoa viazi. Yalikuwa thelathini na kitu, yamefungwa kwa maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Kwao mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Kisima kilikuwa kimekauka, na marando machache yaliyosalia bondeni yalikuwa yakimalizwa na fuko. Mwanawe alipokuwa likizo alijisifu kwamba Nakuru maji yanatoka kwenye chuma ukigeuza mkono tu. Mama mkwe akalihifadhi neno hilo. Akakata yote yaliyokuwa bado hai, akapanda garimoshi.

"Haya ndiyo yaliyobaki," aliniambia akiwa amechuchumaa barazani. "Mama yangu alinipa siku naolewa, naye alipewa na mama yake. Kiazi chake hukioni sokoni. Nje chekundu, ndani cheupe kina mstari wa zambarau, kikiiva ni kikavu kama unga. Watu wote kule kwetu waliniomba mbegu, nao wakaacha zao zikafa kwa uvivu. Haya yakifa, nitaenda kuomba kwa watu. Umri huu, na bakuli mkononi."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Marando yatakaa ndani ya maji, yatatoa mizizi, yatangojea. Mvua ikianza atayarudisha nyumbani na kuyapanda. Nilielewa vizuri kabisa. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba sikuelewa.

Akaomba vyombo. Nilimpa makopo ya maziwa na chupa za jemu. Havikutosha, akachukua karai nililokuwa nikinawia miguu. Bado havikutosha. Akatazama mezani, akaliona jagi langu la glasi, zawadi ya arusi, kitu pekee kizuri nilichokuwa nacho katika chumba kile, akatia marando sita ndani. Kisha akajaza maji mdomoni na kuyapulizia majani, fuuu, mara tatu, na matone mengine yakaangukia mkono wangu. Mwanamke huyo alitumia ugoro. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakohoa.

Sasa sikiliza jinsi mila inavyoweza kukufunga kamba. Kwao mama hawezi kulala chini ya paa moja na mwanawe na mke wake, wala hawezi kuona kitanda chao. Kwa hiyo mama mkwe alilala nyumba ya pili kwa mama mmoja mzee wa kwao. Lakini kwa yule mzee kulikuwa na sungura kumi na mmoja, na sungura akiona jani la kiazi hasubiri kukaribishwa. Barazani kwangu jua na vumbi la magadi vingeyamaliza kwa siku mbili. Palikuwa na mahali pamoja tu penye mwanga na kivuli, kwenye dirisha la nyuma, upande wa kitanda. Basi mama mkwe akalala kwa jirani, na marando yakalala kwangu.

Na kwa kuwa yeye hangeweza kupita pazia, kazi ya kuyabadilishia maji ikawa yangu.

Kabla ya kunikabidhi aliniuliza jambo moja. Alinivuta pembeni, akashusha sauti. "Mwanangu, una mimba?"

Kwao mwanamke mwenye mimba hagusi mbegu ya mwenzake. Mtoto aliye tumboni, aliniambia, anataka kukua, na chochote kinachotaka kukua karibu yake anakinyang'anya nguvu. Kama nilikuwa nayo, angemwomba binti wa jirani awe anaingia kila asubuhi.

Ningejibu ndiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini nilifanya hesabu yangu ya haraka. Kwanza ni aibu kuzungumza mambo hayo na mama mkwe. Pili, na hii ndiyo kweli yenyewe, nilijua nikisema ndiyo hatarudi kwao mvua ikinyesha. Atakaa mpaka nizae, na ugoro wake, na fuuu yake.

"La, Mama," nikasema. "Sina."

Akaniamini. Alinishika kidevu, akasema Mungu atanipa, nisijali.

Basi nikaanza kuishi na vitu vile. Wiki ya kwanza vilitoa mizizi, nami nitasema haki, kwa siku mbili nilivutiwa. Ilikuwa myeupe, myembamba, inatokeza kwenye mafundo. Halafu ikarefuka. Ikajaza jagi langu la arusi kama nywele zilizokwama kwenye chanuo. Maji yakawa ya kijani, kioo kikashika utelezi kwa ndani, na ukitia kidole kusugua, ute unakufuata. Ndani ya karai viluwiluwi vya mbu vilianza kucheza, vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka. Na harufu. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na njaa, nayo ilikuwa mkono mmoja kutoka mto wangu. Nilikuwa nikilala nimeligeuzia dirisha kisogo, shuka puani, nikimchukia mwanamke aliyelala nyumba ya pili akikoroma kwa amani.

Nilimlalamikia mume wangu. Akasema, "Vumilia. Ni mama yangu." Nikamwambia basi abadilishe yeye maji. Akacheka, akasema mwanamume kushika marando ni kichekesho cha landhi nzima. Nikanuna siku tatu, wala hakugundua, alikuwa safarini na garimoshi lake.

Kila asubuhi mama mkwe alikuja barazani, akaketi kwenye gunia lake tupu, na kuuliza kupitia pazia, "Yameamkaje?"

"Yameamka salama, Mama."

"Yamekunywa?"

"Yamekunywa."

Hakuwahi kuuliza mimi nimeamkaje. Nilitia moyoni hilo.

Kubadilisha maji kulikuwa hivi. Unatoa vyombo kumi na viwili kupitia mlangoni, unamwaga uchafu mtaroni, unasugua, unakwenda bombani na debe, unapanga foleni. Mwezi wa pili tangu aje, bomba lilianza kufungwa. Lilifunguliwa alfajiri kwa saa mbili tu, na foleni ilizunguka mpaka vyooni. Vyooni, nami na pua yangu ile. Siku moja nilitapika mbele ya watu nikasingizia samaki. Siku ya pili nilifika mbele, bomba likafungwa. Nilirudi na debe tupu, nikisonya njia nzima.

Ndani ya nyumba kulikuwa na maji mengine.

Wake wote wa mastoka walikuwa nayo. Waume zetu wakimaliza zamu waliteka maji ya moto kwenye injini, wakaja nayo ndani ya debe yakifuka moshi. Tuliogea, tulifulia, tuliosha sakafu. Yalikuwa malaini ajabu, kipande kidogo cha sabuni kilitoa povu la kufunika karai. Mume wangu alikuwa amenieleza sababu: wanatia dawa ya magadi kwenye maji ya injini ili chuma kisishike ukoko. Kila mwanamke wa landhi alijua kwamba hayo hayanywewi. Hatukuwapa hata kuku. Na pale mtaroni tulipokuwa tukiyamwaga hapakuota jani lolote, ardhi ilikuwa nyeupe na imepasuka kama kisigino.

Nilijua hayo yote. Nikasimama mbele ya dirisha na debe la maji ya injini yaliyopoa, safi, hayana hata unyoya. Nikajiambia maji ni maji. Nikajiambia ni leo tu. Nikamimina chombo baada ya chombo, nimebana pua, na mikono yangu haikulowa.

Kesho yake sikwenda bombani pia. Wala kesho kutwa.

Kilichonifurahisha, na hili linanichukiza zaidi ya yote, ni kwamba harufu ilipungua. Ute ulikatika. Viluwiluwi vilielea vimekufa. Nilisema, kumbe hii ndiyo dawa yao. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu aje.

Mnamo siku ya sita majani yalianza kujikunja pembeni. Ya nane mizizi ikawa ya kahawia. Hapo nilijua. Niliamka alfajiri, nikapanga foleni, nikarudisha maji ya bomba, nikasuuza mara mbili, nikasuuza mara tatu. Nilichuma majani ya manjano nikayaficha chini ya godoro, kisha nikayatupa chooni. Nilikuwa nimechelewa. Mashina yakaanza kulegea kutoka chini kwenda juu, na harufu ikarudi, na sasa haikuwa ya maji yaliyolala. Ilikuwa ya kitu kilichokufa.

"Yameamkaje?" mama mkwe akauliza kupitia pazia.

"Yameamka salama, Mama."

"Mbona leo yananuka hivi?"

"Ni mtaro, Mama."

Siku tano nilimjibu hivyo. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka mingi, na jibu halipendezi. Niliogopa, ndiyo. Lakini pia sehemu fulani yangu, ndogo, chafu, ilikuwa ikisema: yakiisha, ataondoka.

Mvua ilikuja mchana, bila kuahidi. Kwanza vumbi lilitulia, halafu mabati yakaanza kugongwa. Watu walitoka nje wakasimama tu. Mama mkwe alikuja mbio mvuani, nguo imemganda mwilini, sijawahi kumwona na uso ule, ulikuwa uso wa msichana. Alisimama kwenye kizingiti.

"Nitolee," akasema. "Yote. Kesho naondoka."

Niliingia nyuma ya pazia. Nilikaa huko kadiri nilivyoweza. Kisha nikatoa chombo kimoja kimoja nikavipanga barazani mbele ya miguu yake, na jagi langu nikalileta mwisho.

Alichuchumaa. Alivuta rando la kwanza, mizizi ikabaki majini. Alivuta la pili, likakatika katikati kama uzi mbovu. Alilinusa. Alilibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, na ngozi ikateleza, na ndani hapakuwa na kitu ila uji. Hakuruka hata moja. Alilishika kila moja, akalibonyeza, akaliweka chini, yote thelathini na kitu, mvua ikigonga juu yetu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa uozo ule na hakuvipangusa.

Wakati huo mume wangu alifika kutoka zamu. Alipanda kibarazani na debe lake, akaliweka chini katikati yetu. Lilikuwa bado linafuka moshi. Alitazama marando, akanitazama mimi, akatazama debe. Akafungua mdomo.

Mimi nikatapika. Sikupata hata nafasi ya kugeuka. Ile harufu, vile vidole, moshi wa lile debe, vyote vilinipanda kwa pamoja nikatapika pale pale barazani mbele ya mama mkwe wangu.

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama tumboni.

"Miezi mingapi?" akauliza.

Kulikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa wazi, pana, ningeweza kupita na ng'ombe. Debe lilikuwa miguuni pangu.

"Mitatu sasa, Mama," nikasema.

Alitazama marando, akanitazama tena tumboni. Halafu alianza kucheka, taratibu, huku machozi yanamtoka, akajipiga paja kwa mkono ule mchafu. "Kumbe wewe," akasema. "Kumbe wewe ulikuwa nayo hata siku ile. Nilikuuliza, mwanangu. Ona sasa, amekula yote. Hajazaliwa na amekula shamba zima." Akanivuta akanikumbatia, nikanusa ugoro, na mvua, na ule uozo mgongoni pangu. "Huyu atakuwa na nguvu," aliniambia sikioni. "Nguvu zote zile."

Mume wangu alifunga mdomo. Alichukua debe akaenda kulimwaga mtaroni, na jambo hilo hatukulizungumza mpaka alipokufa.

Mama mkwe aliondoka kesho yake, gunia limekunjwa kwapani. Hakunilaumu hata kwa jicho. Kwao aliwaambia watu wote kwamba mkwe wake ana mimba ya ajabu, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiomba mbegu. Watu walimpa. Walimpa marando ya viazi vya manjano vya majimaji, vile alivyokuwa akividharau, naye akavipanda.

Mtoto alikuwa wa kike. Kila mama mkwe alipokuja kututembelea alimpakata na kumwambia, "Wewe ulikula shamba langu," akamtekenya, mtoto akacheka mpaka akakwama pumzi. Alikua akiijua hadithi hiyo kabla ya kulijua jina la baba yake.

Alipokuwa na miaka mitano hivi, tulikuwa tumeketi pale pale barazani, nimechemsha viazi vya kununua sokoni. Mtoto alinyanyua chake, akakishika kwa mikono miwili, akampelekea.

"Nyanya, chukua changu. Nilikula vyako."

Mama mkwe alikipokea. Meno yalikuwa yamebaki machache, akatafuna muda mrefu kwa ufizi, akameza.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini si kile."

"Kile kilikuwaje?"

Mama mkwe alifikiri. Alijaribu kuonyesha kwa vidole, akaacha. Akanigeukia mimi. "Wewe hukuwahi kukionja, sivyo?"

"Sikuwahi, Mama."

"Basi hakuna wa kumwambia," akasema, akaendelea kutafuna.

Nilikusanya sahani na kwenda nazo bombani. Kinyaa kilikuwa kimenipanda mpaka kooni, na safari hii hapakuwa na harufu yoyote. Niliziosha sahani tatu kwa muda ambao ningeosha thelathini.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, hao wanaoweka vijiti kwenye glasi dirishani. Yeye hali kiazi kitamu. Ukimuuliza sababu anasema alimaliza shamba zima kabla ya kuzaliwa, na kila mtu mezani hucheka. Mimi huomba nipitishiwe chumvi.